Yai la Mti

Nilikuwa na gamba la nyoka mdomoni. Nianzie hapohapo, maana nikianza kwa kuzungukazunguka mtasema natia chumvi, na mimi kwenye jambo hili sina haja ya chumvi.

Sisi mafundi cherehani meno ni mkono wa tatu. Mkono mmoja umeshika kitambaa, wa pili umeshika pini, na kile kipande kinachosubiri zamu yake kinabanwa na meno. Siku hiyo nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, la kitambaa chepesi kinachoteleza, na vipande vya bitana, kile kitambaa cha ndani ya gauni, nilikuwa nimevitia kwenye kikapu chini ya cherehani. Nikainama bila kutazama, nikapapasa, nikashika kitu chembamba, chepesi, kinachochakarika. Bitana hiyo, nikajua. Nikaibana kwa meno, nikaendelea kupachika pini kiunoni mwa gauni, huku nawaza mambo yangu.

Kilichonishtua ni ladha. Bitana haina ladha. Hii ilikuwa na chumvichumvi, na vumbi, na harufu ya shombo iliyopanda puani kwa ndani. Nikashusha macho. Kitu kilikuwa kinaning'inia kutoka midomoni mwangu hadi mapajani, cheupe kama plastiki kuukuu, kimejaa vigamba, na pale karibu na kidevu changu kulikuwa na kichwa. Kichwa chenye vioo viwili vya macho.

Loo! Sijui nilipiga kelele ya namna gani kwa sababu kelele yenyewe ilitoka pamoja na matapishi. Nilisukutua kwa maji, nikasukutua kwa chumvi, nikasugua ulimi kwa sabuni ya kufulia mpaka povu likanitoka puani. Bado ile ladha ilikuwepo. Ipo mpaka leo. Nikiwa nasimulia hapa nimeshatema mate mara kadhaa, mniwie radhi.

Mume wangu alikuja mbio kutoka karakana. Yeye ni seremala, na karakana yake ni kibanda cha mabati hapohapo uani. Alipoona kilichoko sakafuni, mwanamume yule akacheka. Akashika mbavu, akacheka, maranda yakimdondoka nyweleni.

"Gamba haling'ati, mke wangu."

"Na mwenye gamba?"

"Kashaondoka huyo. Mtu akivua nguo akaziacha, si ndiyo keshakwenda zake?"

"Mtu akivua nguo zake nyumbani kwangu, mimi najua yuko nyumbani kwangu, yuko uchi," nikamwambia. "Na wewe ndiye umemkaribisha."

Maana yeye ndiye. Lazima niwaeleze kuhusu lile lundo. Chini ya dirisha la chumba changu cha kushonea, mume wangu alikuwa amejaza vipande vya mbao. Kila kitanda alichotengeneza, kila kabati, mabaki yalikuja pale. Vizingiti vya milango, miguu ya meza iliyopasuka, mbao zenye misumari, fremu zilizooza. Ukimwambia atupe, anakuangalia kana kwamba umemwambia atupe watoto. "Hiki kitakuja kufaa," anasema. Hakuna kilichowahi kufaa isipokuwa kwa panya. Panya walizaliana humo mpaka usiku ungedhani kuna watu wanahama nyumba. Mikojo yao ilinuka hadi kwenye nguo za wateja, na siku za joto nilifunga dirisha nikapendelea kukosa hewa. Na panya wakijaa, nani anakuja? Huhitaji kuwa umesoma sana kulijua hilo.

Basi tukiwa katika kurushiana maneno, mama mkwe akatokea mlangoni na fimbo yake. Mama alikuwa amepungukiwa na macho kwa miaka sasa. Uso wako hakuuona, rangi hakuiona, lakini mwanga aliuona. Alijua dirisha liko wapi, alijua jua limechomoza, na kila asubuhi aliufuata ule weupe wa mlango hadi nje. "Nimebakiwa na asubuhi yangu," alikuwa akisema, na ukitaka kumkera mwambie akae ndani.

"Hebu nipeni nilishike," akasema.

"Mama, ni uchafu huo!"

"Nipe."

Mume wangu akampa. Nikageuza uso ukutani, lakini masikio hayana kifuniko, nikalisikia likichakarika vidoleni mwake kama karatasi ya peremende. Alilipapasa taratibu kutoka mkiani, akafika shingoni, akasimama hapo. Akalitanua kwa vidole gumba.

"Shingo imepanuka," akasema. "Huyu ni swila. Yule mwenye kutema."

Mume wangu akaacha kucheka.

*

Siku chache baadaye nilimwona mwenyewe, mchana kweupe, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuogopa na kuona kinyaa ni vitu viwili, na vikikutana tumboni mtu hasimami.

Nilikuwa kwenye cherehani, dirisha limefungwa. Nikainua uso ili nitunge uzi sindanoni, nikitumia mwanga wa kioo. Na yeye akainua uso wake. Alikuwa juu kabisa ya lundo, usawa wa kifua changu, kati yetu kioo tu. Rangi yake ilikuwa ya matope ya mtaroni. Tumbo lililokuwa linatazama kwangu lilikuwa limepaukapauka, na chini ya ngozi kitu kilikuwa kinashuka polepole, kinavimba na kusogea, kinavimba na kusogea. Panya. Mkia wa panya ulikuwa bado unachungulia kwenye pembe ya mdomo.

Nilisogea. Kosa langu hilo. Akaumeza ule mkia, akatanua shingo, akafungua kinywa, na pah! Kioo kikapata madoa, hapahapa, usawa wa macho yangu. Yale mate yakaanza kutiririka, mazito, yenye rangi ya usaha mwepesi. Uzi nilikuwa nao bado vidoleni. Sindano sikuiona tena.

Nifikirieni mimi. Macho ndiyo shamba langu. Nyumba ile ilikuwa ikila kwa macho yangu na mikono ya mume wangu, na watoto wetu walioko bweni walikuwa wakisoma kwa hayohayo. Kile kinyama kilipima, kikalenga, na kingeyapata.

"Leo lundo linaondoka," nikamwambia mume wangu.

"Nikimaliza kabati la mteja, mke wangu. Keshalipa, nimeshamwahidi."

"Kabati ndilo mke wako?"

"Usinifikishe huko."

Alichokifanya ni kuchukua jembe na kuchokorachokora pembeni mwa lundo kama mtu anayeonja mboga kama imeiva. Alifukua kiota cha panya, vitoto vya panya vya rangi ya waridi visivyo na macho vikawa vinajinyonganyonga kwenye pamba, na pamba yenyewe ilikuwa yangu, ya kujazia mito. Akavifunika tena. Mjumbe asiyetumwa, jirani yetu tunayemwita Bwana Najua, akaja na dawa yake: vitunguu saumu vilivyopondwa, vinyunyizwe kuzunguka nyumba, nyoka hasogei. Vikanyunyizwa. Uani pakanuka kitunguu saumu, mkojo wa panya na vanishi ya mume wangu. Nikawa nakula nimeziba pua.

Lakini mimi hofu yangu kubwa haikuwa dirisha. Ilikuwa banda la kuku.

Mama alikuwa na kuku. Kupika alishaacha, kufua alishaacha, kushona ambako yeye ndiye aliyenifundisha alishaacha. Kazi iliyombakia duniani ilikuwa kuokota mayai. Kila asubuhi alitoka na fimbo na kibakuli, akaingia bandani, akapitisha mkono katika kila kiota, kimoja baada ya kingine, akipapasa kwenye maranda. Mkono mtupu, hadi kiwiko, gizani. Na swila, kama hamjui, anapenda mayai kuliko anavyopenda kuishi.

"Mama, kwa sasa niache mimi niokote," nikamwomba.

"Wewe? Wewe ukiona kinyesi cha kuku kwenye yai unalishika kwa majani mawili!"

"Nitavaa soksi mkononi."

"Mnataka nikae nikisubiri nini?" akasema, na sasa hakuwa anatania. "Nimekaa kwenye kiti hicho nikamaliza kuhesabu mbu. Niacheni na mayai yangu. Nikifa, nife nikiwa na kibakuli."

Utamwambia nini mtu mzima akisema hivyo? Ikabidi mimi niwe namtangulia. Kila asubuhi niliingia bandani kabla yake na mpini wa fagio, nimefunga kitambaa puani, nimevaa miwani ya kukatia mbao ya mume wangu, nikachokoa kila kiota. Kinyesi kibichi kiliniingia kwenye vidole vya miguu. Viroboto wa kuku walinipanda mapajani. Nikitoka humo nilioga kama niliyetoka kuzika. Halafu mama anaingia anaimba, hajui kitu, anaokota mayai yake.

Mume wangu alipoona nakonda, akapata wazo. Mchana mmoja, banda likiwa tupu na kuku wako nje wanachakura, akachukua vipande kutoka kwenye lile lundo lake tukufu, akaziba banda. Kila ufa, kila tundu, kila mwanya kati ya mbao na mbao. Aligonga misumari mchana kutwa. Mlango akauwekea ukingo mpya chini, ukifungwa hata mende hapiti. Alipomaliza akaniita.

"Haya. Tafuta tundu hapo. Ukipata, niite punda."

Nilitafuta. Kwa kweli sikupata. Alifanya kazi safi, tena iliyonyooka, na akanionyesha kwamba vipande vya akiba vimefaa. Nikamsifu, mjinga mimi.

"Kesho usiende kuchokoa," akasema. "Nyoka hawezi kuingia humu."

*

Jioni ile kuku waligoma. Walifika mlangoni mwa banda, wakanyoosha shingo, wakarudi nyuma. Mama akawasukuma kwa fimbo, wakaruka juu ya bati la banda, wakalala huko. "Wamechukia hicho kitunguu saumu chenu," akasema mama, na mimi nikaona ana haki, hata mimi ningelala juu ya bati.

Asubuhi sikumtangulia. Nilikaa nikanywa chai yangu kwa amani kwa mara ya kwanza tangu lile gamba. Mama akaenda, akakawia, akarudi na kibakuli kitupu, uso umemshuka.

"Yai langu la mti liko wapi?"

Hapo niwaeleze. Kuku hupenda kutaga mahali ambapo tayari pana yai, kwa hiyo wafugaji huweka kiotani yai la kuwadanganyia. La mama lilikuwa la mti. Mume wangu alilichonga alipokuwa mwanafunzi wa useremala, ndiyo kazi yake ya kwanza iliyotoka bila dosari, akamletea mama yake. Mama alikuwa hajaliona kwa miaka lakini mkono wake ulilijua kuliko sura zetu. Kila asubuhi alipofika kiota cha mwisho alilishika kwanza, akalisugua kidogo kwa kidole gumba, ndipo akaokota mayai ya kweli. Lilikuwa limeng'aa kwa kushikwa.

"Halipo kiotani?" nikauliza.

"Lingekuwepo ningeuliza? Wewe ndiye unayeingia na mpini wa fagio kila siku. Ulidhani sijui? Kuku wangu wananieleza."

Nikaweka kikombe chini.

"Umelitupa," akasema. "Kwa kinyaa chako. Lilishikwa na mavi ukaona taabu kuliosha, ukalitupa."

"Mama, mimi sijagusa yai lako!"

"Kila kitu cha nyumba hii kwako ni uchafu. Panya uchafu, kuku uchafu, jasho la mume wako uchafu. Ipo siku utaniona na mimi uchafu."

Jamani, iliniuma. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimekanyaga mavi ya kuku kila asubuhi kwa ajili yake, na nikashindwa kulisema. Nilichosema ni hiki: "Basi kalitafute mwenyewe, mama, maana mimi mkono wangu siutii tena mle." Nikaondoka nikaingia chumbani kwangu nikabamiza mlango. Nikakalia cherehani na kukanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Nilikuwa nashona vitambaa vya makochi siku hiyo, kitambaa kizito cha kuchoma vidole. Nikawa najibizana na mama kichwani. Nani aibe yai la mti? Mtoto hayupo. Mbwa hatuna. Panya? Panya hawezi kulibeba, na angelitafuna, vumbi la mbao lingebaki. Mwizi gani anachukua yai asijue kwamba si yai? Mwenye akili angelionja. Angeligonga. Huyu kalichukua zima zima bila hata...

Mguu ukaacha pedali.

Bila hata kulitafuna. Kalimeza. Na banda limezibwa tangu jana, hakuna tundu, mende hapiti. Alikuwa ndani. Mume wangu alipokuwa anagonga misumari ile mizuri, yule kinyama alikuwa mle ndani nyuma ya masanduku ya viota, ametulia, anasikiliza. Seremala wangu alimfungia nyoka ndani ya banda na kumkabidhi ufunguo mama yake.

Nilitoka na kile kitambaa cha kochi mkononi, sikujua hata kama nimekishika. Fimbo ya mama haikuwepo mlangoni.

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kiota cha mwisho, mkono umeingia hadi kiwiko. Aliposikia hatua zangu akageuza uso, na uso ule ulikuwa unatabasamu, mwenzangu, ulikuwa unataka kuniomba msamaha.

"Limepatikana, mwanangu," akasema. "Nimekusingizia bure. Lilikuwa limefukiwa hapa pembeni. Lakini..." Vidole vyake vilikuwa vinasogea kwenye maranda. "Lakini mbona limevishwa kitu?"

"Mama."

"Lina kitu juu yake. Kama soksi. Kitu baridi."

"Mama, usisogeze mkono."

Vidole vyake vikasimama. Nikaona ameelewa, maana tabasamu lilitoka usoni mwake taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye nguo.

"Kinapumua," akasema.

Sasa nilimwona. Alikuwa amejikunja kwenye pembe ya kiota, nusu amefukiwa na maranda, amevimba katikati kama soksi iliyotiwa kiazi, ngozi imetanuka mpaka vigamba vimeachana na nyama nyeupe inaonekana katikati yake. Vidole vya mama vilikuwa juu ya uvimbe ule. Harufu ilikuwa ileile niliyoionja, ile ya gamba, ila sasa mbichi. Nilihisi chai inapanda. Na kichwa kikaanza kuinuka kutoka kwenye maranda, polepole, kwa uzito, shingo inapanuka, na hakikumtazama mama. Kilinitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nasogea, mimi ndiye mwenye macho yanayong'aa.

"Kichwa kiko wapi?" mama akauliza, sauti ya chini kabisa.

"Kinanitazama."

"Fumba macho."

"Nikifumba nitakuonaje?"

"Mimi siku zote nakuona hivyohivyo. Fumba, mwanangu! Nyumba hii ina macho mawili tu."

Nikafumba. Sijawahi kujua giza ni zito namna ile. Nilisikia pah, na kitu chenye uvuguvugu kikanirukia kwenye paji la uso na kope, kikaanza kuteremka. Nikabana kope mpaka zikauma.

"Nina kitambaa, mama. Kitambaa cha kochi."

"Kitandaze. Njoo hatua moja. Nyingine. Basi hapo. Yuko mbele ya kitovu chako, mwili umelala kushoto kwangu, shingo inanipita kwenye kifundo cha mkono. Nikisema tupa, tupa na ujitupe na wewe."

Mtu asiyeona alikuwa ananielekeza mimi fundi wa kupima kwa macho. Na mkono wake hakuutoa. Angeutoa, nyoka angegeuka. Aliuacha juu ya kile kinyaa ili ajue kila anaposogea.

"Anageuka kwangu," akasema. "Tupa!"

Nikatupa, nikajitupa. Chini ya kitambaa kile kizito nilihisi kitu kinapinda, chenye nguvu, kinateleza na kujikaza chini ya viganja vyangu, baridi ikipenya hadi kwenye mifupa. Mwili mzima uliniambia achia. Mate yakanijaa, machozi yakanitoka kwa kinyaa, si kwa woga, naapa. Sikuachia. Nilipiga kelele nikimwita mume wangu na kila mtakatifu anayejulikana, nikakandamiza, na chini ya kitambaa nikahisi mwili unajikamua, unasukuma, unajikamua, kama mtu anayetaka kutapika. Kisha kitu kigumu kikagonga ubao, ko.

Mume wangu alifika na ubao. Alinivuta mimi kwanza. Yaliyofuata niliyasikia tu, ubao ukimpiga swila mpaka akatulia, maana sikufumbua macho mpaka maji yalipomwagwa usoni kwangu, maji mengi, ndoo baada ya ndoo.

Nilipofumbua, niliona. Niliona bati, niliona kuku juu yake, niliona mume wangu analia. Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa amekaa chini, mgongo umeegemea banda, mkono wake mzima, hauna hata alama ya jino. Lakini uso wake ulikuwa umelowa kutoka kwenye paji hadi kidevuni, na si maji. Nilipokuwa natupa kile kitambaa, nyoka alitema kwa mara ya mwisho, na alitemea upande wake. Na yeye hakufumba. Alikuwa anasikiliza miguu yangu.

"Mama, macho!"

"Aa, hayo," akasema, meno yamekazwa kwa maumivu. "Hayo hayakuwa na kazi."

*

Hospitalini wakamwosha tena, wakampa dawa, wakamfunga bandeji. Siku hiyohiyo lundo la mbao likahama. Kumbe lilikuwa na miguu! Mume wangu alibeba kila kipande, akavichoma vyote, hata vile ambavyo hakuwahi kuvigusa tangu avirundike, na nyuma yake nikasikia panya wakikimbia kila upande. Sikumsemesha. Sikumlaumu pia. Kila alipopita mbele ya banda alivitazama vile viraka vyake vizuri, akainamisha kichwa.

Bandeji zilipotolewa, ilikuwa asubuhi. Nilimkalisha mama kwenye kiti chake, uso kwa dirisha, na jua lilikuwa limempiga usoni kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikinga macho kwa kiganja. Alikaa uso umeinuka. Kuku walikuwa wanalia nje.

"Mwanangu," akasema, "bado hakujakucha?"

Nilimshika mkono, nikausogeza kwenye mwanga, ukawa wa moto kwa jua. Akaelewa kwa mkono.

"Haya," akasema. "Kumekucha, basi. Wewe ndiye utakuwa unaniambia."

Nilitoka nje. Nilikwenda bandani, ambako hakuna aliyeingia tangu siku ile. Lile yai lilikuwa bado liko chini, penye ute uliokauka ukawa utando wa manjano, na maranda, na manyoya, na sisimizi wameshalifikia. Harufu yake iliponifikia puani nilijikunja. Nililiokota kwa mkono wangu, bila majani, bila soksi. Nikalitia kwenye beseni, nikalisugua kwa kucha, ule ute ukawa unatoka kama gundi na kunibana vidoleni, nikatapika kando, nikarudi, nikasugua. Nilibadilisha maji mpaka likang'aa. Kisha nikaenda nikaliweka kiganjani mwa mama. Alilisugua kwa kidole gumba.

Tangu hapo tunakwenda wawili. Nafungua mlango, naingia, mama anasubiri nyuma yangu na kibakuli. Naupitisha mkono wangu kwenye kila kiota kabla ya wake, mkono mtupu hadi kiwiko, kwenye mavi na maranda na joto la kuku, na kila ninapogusa kitu mgongo unanisisimka na mate yananijaa. Kinyaa changu hakijapungua hata chembe. Nikifika kiota cha mwisho nalikuta yai la mti, naliacha palepale.

"Pako safi, mama," namwambia. "Okota."